Toleo la chini au la juu: kuchagua gari la porini kwa barabara za Tabora

Mtu anayenunua gari la njia mbovu mkoani Tabora, awe mnunuzi wa tumbaku, mfanyabiashara wa asali, mkandarasi wa visima au msimamizi wa zahanati ya misheni, kwa kawaida anafika kwa muuzaji akiwa ameshajua aina ya gari analolitaka. Kinachomkwamisha ni toleo. Land Cruiser ileile hutoka kiwandani ikiwa na viti vya ngozi bandia, rimu za chuma na sakafu ya mpira, na hutoka pia ikiwa na zulia, rimu za aloi, skrini na kamera, na bei zikiwa zimepishana kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida angenunulia pikipiki kadhaa. Wapo wanaoshikilia kwamba porini hakuna kazi ya mapambo, na wapo wanaosema kwamba anayekwepa kulipa mwanzoni atalipa baadaye kwa uchovu na kwa ajali. Pande zote mbili zina hoja nzito, lakini zote huteleza pale zinapozungumza kana kwamba viwanda vyote huongeza vitu vilevile kadiri bei inavyopanda.

Ukweli ni kwamba viwanda haviongezi vitu vilevile hata kidogo. Katika Jeep Wrangler, tofauti kati ya Sport na Rubicon iko chini ya gari: Rubicon ina loki za difu (ile gia ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) mbele na nyuma, gia ya chini ya foo wili yenye uwiano wa 4 kwa 1 badala ya 2.72 kwa 1, yaani mwendo wa polepole zaidi wenye nguvu zaidi, na chuma cha kuzuia gari kulala upande ambacho dereva anaweza kukiachia ili magurudumu ya mbele yapande na kushuka kwa uhuru. Suzuki Jimny ya kizazi kilichoanza mwaka 2018 iko kinyume kabisa: toleo la GL na la GLX yana chesisi ileile, ekseli ngumu zilezile na gia ileile ya chini, na nyongeza ya GLX ni mambo kama rimu za aloi na taa za LED. Mwenye Jimny ya bei ya chini, akikwama, hakwami kwa sababu alibana matumizi. Land Cruiser za mfululizo wa 70 ziko katikati, na zinatofautiana kwa soko. Australia, kwa mfano, toleo la GXL huja na loki za difu za mbele na nyuma, ilhali kwa WorkMate, ambalo ni la kazi, mnunuzi huzilipia kama nyongeza.

Inafaa kulikazia hili la loki ya difu, kwa sababu ndilo linalobeba hoja nzima ya toleo la juu katika udongo wetu. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye upinzani mdogo. Barabarani hilo ni jambo jema, kwa kuwa huliwezesha gurudumu la nje kuzunguka zaidi kwenye kona, lakini kwenye tope humaanisha kwamba gurudumu lililolegea ndilo linalozunguka bure huku lenzake lililoshika ardhi likiwa limetulia. Wengi hudhani foo wili huondoa tatizo hili, kumbe gari lenye foo wili na difu mbili za kawaida linaweza kusimama kabisa likiwa na gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanayochezea tope. Loki huyafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja. Magari mengi ya kisasa hutumia njia nyingine, ambapo kompyuta hulifunga breki gurudumu linaloteleza ili nguvu ihamie upande wa pili. Njia hiyo hufanya kazi vizuri kwenye changarawe na vilima, lakini kwenye tope zito la muda mrefu breki hupata moto na gari hupoteza mwendo, na mwendo ukishapotea katika udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Wembere kule Igunga, kinachofuata ni majembe na watu wa kusukuma.

Sasa upande wa toleo la chini, ambao kwa maoni yangu hutetewa kwa hisia zaidi kuliko kwa hesabu, ingawa hesabu zake ni nzuri. Zianzie kwenye tairi. Land Cruiser ya kazi yenye rimu za chuma za inchi 16 huvaa tairi nyembamba na ndefu, mara nyingi saizi ya 7.50, ambayo ndiyo inayovaliwa pia na malori madogo kama Canter. Maana yake ni kwamba tairi na mpira wake wa ndani vinaweza kupatikana palipo na biashara ya mazao, na fundi pancha wa kando ya njia analifungua kwa vyuma vyake vya kawaida. Rimu ya chuma ikijikunja kwenye shimo hunyooshwa kwa nyundo. Rimu ya aloi ikipasuka safari imekwisha, isipokuwa kuna ya akiba. Kupanda daraja la toleo, kinyume chake, huja na rimu kubwa zaidi na ukuta mfupi wa tairi. Prado ya mfululizo wa 150 katika toleo la TX huvaa 265/65R17, ambayo ukuta wake ni milimita 172 hivi, ilhali toleo la juu la TZ-G huvaa 265/60R18 yenye ukuta wa milimita 159. Land Cruiser 300 ya toleo la juu la ZX huvaa rimu za inchi 20, na ukuta unabaki milimita 146. Milimita hizo zinaonekana chache kwenye karatasi, lakini ukuta wa tairi ndio unaomeza jiwe na kisiki kabla rimu haijaguswa, na ndio unaoruhusu kupunguza upepo gari linapoingia kwenye mchanga.

Hoja ya pili ya toleo la chini ni kutengenezeka. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, husukuma mafuta kwa pampu ya kimakanika, na fundi mwenye uzoefu huisikiliza, huifungua na kuirekebisha bila mashine ya kupimia. Springi za nyuma ni za majani ya chuma. Jani likikatika, hata karakana ya wilayani inaweza kuunga au kupachika jingine la mtumba. Linganisha na Prado ya TZ-G iliyotoka Japani ikiwa na springi za hewa nyuma na shokapu zinazoongozwa na kompyuta. Kwenye lami huelea vizuri sana. Kwenye rasta za barabara ya vumbi, miezi ikipita, mpira wa springi ya hewa ukianza kuvuja gari huinama nyuma likiegeshwa, na kifaa cha kubadilisha hakipo Kaliua wala Urambo. Huagizwa, na gari hukaa chini kukisubiri. Prado za dizeli ya lita 2.8 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinahitaji pia kimiminika cha urea cha kusafishia moshi, jambo ambalo mnunuzi wa mtandaoni huligundua siku taa ya onyo inapowaka. Hapa, hata hivyo, pana haki ya kutendwa: urea hiyo haihusiani na toleo, kwa kuwa TX ya dizeli nayo inaihitaji. Watetezi wa toleo la chini hupenda kulitwisha toleo la juu kila lawama ya teknolojia mpya, wakati sehemu ya lawama hizo ni ya mwaka wa gari na ya soko lilikotoka.

Upande wa toleo la juu una hoja ambayo miaka michache iliyopita haikuwa na uzito ilionao leo, nayo ni lami. Kutoka Tabora mjini unaweza kwenda Nzega, Urambo, Itigi na Sikonge hadi kuelekea Mpanda kwa lami, na gari linaloitwa la porini hutumia sehemu kubwa ya kilomita zake kwenye barabara nzuri kwa mwendo wa kasi, likiacha porini kilomita za mwisho tu za kuingia Kitunda, Ulyankulu au Usinge. Huko kwenye lami ndiko anakoweza kufa mtu. Ng'ombe huvuka jioni, lori la magogo husimama bila taa, dereva wa safari ya Dar es Salaam huwa ameshika usukani tangu alfajiri. Mifuko ya hewa, breki za ABS (zinazozuia magurudumu kujifunga) na mfumo wa kuzuia gari kuserereka si mapambo kwa mtu wa namna hiyo, na katika baadhi ya masoko ya Afrika vitu hivi hupunguzwa au huondolewa katika matoleo ya kazi. Anayejivunia gari lisilo na umeme mwingi ajiulize kwanza kama hesabu yake imejumuisha kilomita za lami.

Kiyoyozi nacho kinastahili kutolewa kwenye orodha ya anasa. Anayepita kwenye miombo ya Ugalla anawajua mbung'o: hufuata gari linalokwenda, hasa la rangi ya buluu iliyokolea au nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya kuwanasia hushonwa kwa rangi hizo. Dirisha likiwa wazi huingia, na kuumwa kwao hupenya hata kitambaa cha shati. Kwa hiyo vioo hufungwa, na gari lililofungwa vioo Oktoba saa nane mchana bila kiyoyozi halikaliki. Toleo la kazi la chini kabisa huweza kuja bila kiyoyozi, na kukipachika baadaye kunawezekana, ila ubora wake hutegemea fundi na mara nyingi haulingani na wa kiwandani.

Hapa ndipo ninapoona kigezo ambacho pande zote mbili hukipita haraka mno. Swali lenye faida si kama toleo la juu ni bora, bali ni kipi ndani yake kisichoweza kuongezwa vizuri Tabora baada ya kununua. Mkonga (bomba la kuingizia injini hewa kutoka juu), ngao ya mbele, winchi, tairi za tope, kerea ya juu, redio, taa za ziada na viti vya kitambaa kigumu hufungwa mjini, na vingine huwa imara kuliko vya kiwandani. Mifuko ya hewa haiongezwi. Uwiano wa gia ya chini haubadilishwi kwa urahisi. Loki ya difu inaweza kuongezwa, kwa kuwa kampuni kama ARB ya Australia hutengeneza za hewa, lakini kuipanga difu upya kunataka vipimo vya usahihi na pampu yake ya upepo, kazi ambayo si kila karakana ningeiamini. Ukilipia toleo la juu ili upate viti vya ngozi na dirisha la paa, umelipia vitu ambavyo vumbi la Septemba litavishughulikia. Ukililipia kwa sababu ya loki na breki, umenunua kitu ambacho hukipati kwa njia nyingine.

Kodi huukaza uamuzi huu. Gari jipya la abiria lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 18, na kila moja hukokotolewa juu ya jumla iliyokwisha kuongezewa ile iliyotangulia. Shilingi milioni moja ya nyongeza kwenye bei ya kufikia bandarini huwa, kabla ya tozo ndogondogo, kama milioni moja, laki sita na elfu ishirini. Gari lililotumika lina hesabu yake, kwa kuwa TRA, mamlaka ya mapato, huwa na thamani zake za rejea na umri mkubwa huongeza ushuru wa uchakavu. Mkonga uliofungwa Tabora haulipiwi ushuru wa forodha pamoja na gari. Mapambo yaliyofungwa kiwandani hulipiwa.

Suala la kuuza tena sitalipa nafasi kubwa. Mjini, shangingi lenye ngozi na skrini hupata mteja kwa haraka. Vijijini, Land Cruiser mkonga isiyo na chochote haikosi mteja kamwe. Kinachonisumbua zaidi ni magari ya ofisi, ambako anayechagua toleo siye anayelala nalo kwenye tope. Kamati huketi mjini, hulinganisha picha, na dereva ndiye anayegundua baadaye kwamba loki za magurudumu ya mbele (si za difu, bali zile za kuunganisha gurudumu na ekseli ili foo wili ifanye kazi) ni za kuzungusha kwa mkono, akiwa amechelewa kuzifunga, suruali imekunjwa hadi magotini na mkono umezama kwenye udongo mweusi akitafuta kitasa cha kuzungusha. Dereva huyo angeulizwa, nadhani asingeomba skrini, na huenda asingekataa loki za kujifunga zenyewe.

Kwa mnunuzi binafsi anayeingia porini kila wiki wakati wa masika, mimi ningechagua toleo la kazi lenye loki ya nyuma, ABS, mifuko ya hewa na kiyoyozi, hata kama vitu hivyo vinamlazimu kupanda daraja moja, na ningelikataa daraja linalofuata pindi linapoleta springi za hewa na rimu za inchi 18 au zaidi. Kwa anayekwenda Nzega na Dar na kuingia vumbini mara chache, toleo la juu lina haki yake, mradi abadilishe rimu. Na kabla ya kulipia gari lililotumika, herufi zilizobandikwa mlango wa nyuma zisitegemewe, kwa kuwa zinauzwa madukani. Fundi aingie chini ya gari akiwa na tochi: Toyota yenye loki ya nyuma ya kiwandani huwa na mota ndogo ya umeme kwenye nyumba ya difu pamoja na waya wake, na ndani ya gari pana swichi yake. Swichi ikiwepo na mota isiwepo, bei ishuke au mnunuzi aondoke.