Mzazi anayekataa mkondo wa amali ana hesabu zake

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, igawe sekondari yetu Tanzania katika mkondo wa jumla na wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, lawama zimemwangukia mzazi. Anaambiwa amekariri, anataka mwanawe avae tai hata kama ofisi zenyewe hazina nafasi. Wanaomlaumu wana hoja. Vijana wengi humaliza kidato cha nne hawajawahi kushika hata msasa, na wa amali anatarajiwa kutoka na vyeti viwili, cha sekondari na cha ufundi.

Ila huyo mzazi keshachungulia karakana. Chukua uchomeleaji. Mshono wa chuma haunyooki kwa kunakili notisi. Mpaka mwanafunzi aunguze vijiti vya kuchomelea kwa wingi, aharibu vipande vya chuma, akwangue, aanze upya. Kitabu cha historia kikinunuliwa leo, hata wadogo zake watakisomea. Kijiti kikishaungua kimekwenda, na muhula ujao vinatakiwa vingine. Na vijiti havizinduliwi kwa kukata utepe. Mashine ndiyo inayopigwa picha; kisha bajeti ikisahau vijiti, diski za kukatia na luku, inafunikwa turubai. Hata ikiwaka, mashine mbili kwa wanafunzi 40 maana yake wengi ni watazamaji. Cheti chao cha pili kitathibitisha nini mbele ya fundi wa gereji anayetaka mtu wa kazi?

Mzazi huyu ana kumbukumbu pia. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Nyerere ya 1967, ilikuwa na fikra nzito, lakini kwa wengi waliopita shuleni baadaye ilibaki jembe na ufagio. Wakenya nao, mfumo wao wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985, walichangishwa kujenga karakana, na masomo mengi ya vitendo yakaja kupunguzwa.

Nafuu ipo jirani: gereji na karakana za mtaani. Huko vijiti vinaungua kila siku kwa kuwa mteja amelipia, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia humo. Shule ingeweza kuwapeleka wanafunzi siku mbili kwa wiki. Kikwazo ni usalama: mtoto wa miaka 15 akiungua jicho kwa mafundi, nani anawajibika? Hilo wizara ilipangie utaratibu kwanza, ndipo imwite mzazi mshamba.