Kuunganisha vituo vya kuongozea ndege si dawa ya kila kitu

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, waongoza ndege wa kituo cha Karlsruhe, Ujerumani, waliona kwenye rada ndege mbili zikielekea kukutana katika urefu uleule, futi 36,000. Zilikuwa karibu na mji wa Überlingen, ndani ya mpaka wa Ujerumani, lakini kipande hicho cha anga kilikuwa mikononi mwa kituo cha Zürich, Uswisi. Karlsruhe wakapiga simu Zürich. Haikupita. Wakapiga tena na tena. Mfumo mkuu wa simu wa Zürich ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, na laini ya akiba ilikuwa na hitilafu ambayo hakuna aliyeigundua. Ndege zikagongana. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto kutoka Ufa, Urusi, waliokuwa wakienda likizo Hispania.

Wanaotaka vituo viunganishwe huitumia ajali hii kama ushahidi, na hoja yao ina uzito. Kila ndege inapovuka kutoka kituo kimoja kwenda kingine, lazima mtu amkabidhi mwenzake jina la safari, urefu na saa ya kufika mpakani. Kosa lolote hapo linaweza kuwaacha wawili kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye ndege. Kule Maastricht, anga ya juu ya Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na kaskazini-magharibi mwa Ujerumani inasimamiwa na kituo kimoja, na makabidhiano mengi ya mipakani yametoweka.

Lakini tuangalie tena Zürich. Kituo kimoja kilikuwa tayari kinahudumia pande mbili za mpaka. Kilichokosekana ni watu na simu. Mwongoza ndege alikuwa peke yake, mwenzake amekwenda kupumzika, naye akihudumia meza mbili kwa wakati mmoja. Dakika alizozihitaji kwa ndege zile mbili alizitumia kujaribu kuupata kwa simu uwanja wa Friedrichshafen, kuhusu ndege nyingine iliyokuwa ikitua kwa kuchelewa. Simu hiyo nayo haikupita. Kuunganisha vituo kusingemletea msaidizi wala kusingetengeneza laini.

Na kuna hasara ya kuweka kila kitu mahali pamoja. Septemba 2014 moto uliowashwa kwa makusudi ulikizima kituo cha Aurora, Illinois, kinachosimamia anga inayozunguka Chicago. Ilichukua zaidi ya wiki mbili kukirejesha kazini. Safari nyingi zilifutwa, lakini anga haikubaki bila mwenyewe, kwa sababu vituo jirani viliigawana na kuibeba.

Swali linaloniumiza zaidi ni jingine: je, Karlsruhe walipaswa kuongea na marubani moja kwa moja kwenye masafa ya redio ya dharura? Ni vigumu kumwambia mtu anayeona maafa yanakuja kwamba anyamaze. Hata hivyo, marubani wa ndege ya Urusi tayari walikuwa na amri mbili zinazopingana: Zürich ilisema washuke, kifaa cha ndani ya ndege cha kuzuia migongano kikasema wapande. Walimtii binadamu, wakashuka, huku ile ndege nyingine ikishuka kwa kufuata kifaa chake. Sauti ya tatu ingeweza kuwaokoa, na ingeweza pia kuwavuruga zaidi. Naegemea upande wa simu: laini ya akiba isiyotegemea mfumo mkuu, inayojaribiwa kila zamu, na jirani aarifiwe kabla fundi hajagusa waya.

Mjadala huu unatuhusu. Kwa miaka mingi anga ya juu ya Rwanda na Burundi imesimamiwa kutoka Dar es Salaam, na wazo la anga moja ya juu kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki limekuwa mezani muda mrefu. Mazungumzo ya namna hii hupenda kuanzia kwenye swali la kituo kijengwe wapi na mapato yagawanywe vipi. Mwaka 2006 mahakama ya Konstanz iliamua kwamba Ujerumani ndiyo inayowajibika kwa ajali ya Überlingen, kwa kuwa anga yake ilikabidhiwa Uswisi bila mkataba halali. Hilo ndilo ningependa mawaziri wetu walijibu kwanza, kwa maandishi: ndege mbili zikigongana juu ya Burundi zikiongozwa kutoka nchi nyingine, familia za waliokufa zitamshtaki nani?