Rimoti Nne na Stesheni Moja

Nyumbani kwangu hapa Langoni, mjini Lamu, kuna rimoti nne. Wake wanne wamenishinda, nimebaki na mmoja, lakini rimoti nne ninazo, na kuzifanyia uadilifu siwezi. Moja ni ya televisheni yenyewe. Tatu ni za ving'amuzi. Ukibonyeza hii, ile inawaka. Ukizima ile, hii inakuuliza nambari ya siri. Na zote hizo, wallahi, ni kwa ajili ya stesheni moja tu: ile ya taifa, ya bure, ya sisi sote. Sitaki mengi. Nataka niione safi.

Chanzo ni televisheni ya inchi 43. Niliinunua bara, nikaivusha kutoka Mokowe kwa boti huku nimeipakata kama bibi harusi, kila wimbi likipiga namfunika na shuka. Hapo gatini akapanda punda. Njia nzima watu wa baraza wanasimama kumpisha, maana boksi limeandikwa Full HD kwa herufi kubwa kuliko jina la msikiti. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hiyo echidii ni maradhi?" Nikamwambia, "La, ami, ni ung'avu wa picha." Akasema alhamdulillahi.

Mimi kazi yangu ni kushona kofia za mkono, kwa hiyo jambo hili nalielewa kwa vishimo. Picha ya kawaida ni nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu. HD kamili ni 1920 kwa 1080. Nimezizidisha kwenye simu mara mbili nikidhani nimekosea: ile ya kwanza inatoa laki nne na kitu, ya pili inapita milioni mbili. Mara tano! Ukinipa kofia yenye vishimo mara tano ya hii ninayoishona sasa, mteja atazikwa kabla hajaivaa. Basi mtu akikuambia picha zote ni sawa, mwambie aje nimpe sindano.

King'amuzi cha kwanza ni cha antena, hakina malipo ya mwezi. Stesheni yetu imo, nashukuru. Lakini msomaji wa habari utadhani anasoma akiwa ndani ya chandarua. Pua hana. Mdomo unakwenda, nyusi zimeyeyuka. Nikamlalamikia mama watoto, akanijibu bila kuacha kukuna nazi, "Mato yako ndiyo mabovu."

Nikanunua cha pili, cha dishi. Humo mna HD nyingi mpaka unaona haya. Mipira ya Uingereza HD, filamu za watu wanaopigana juu ya treni HD, hata chaneli ya mapishi ya nchi nisiyoijua, kitunguu unakiona mpaka macho yanatoka machozi. Nikashuka kwenye orodha taratibu, natafuta stesheni ya umma. Nikaikuta kule chini imejikunyata, haina HD mbele ya jina. Vya kulipia vimevaa hariri, cha umma kimevalishwa kaniki. Na siku kifurushi kilipoisha, hata hiyo ya kaniki ikafungwa, likatokea tangazo niongeze pesa. Pesa ya nini? Ya kitu cha bure!

Cha tatu nilikinunua kwa kijana mmoja pale ufukoni aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba stesheni ya taifa humo iko HD. Na kweli iko. Nisimsingizie. Alichonificha ni kwamba ile nyingine yenye tamthilia ya mama watoto haimo kabisa, si kwa hariri wala kwa kaniki. Sasa saa moja usiku nachomoa waya wa hiki nachomeka wa kile, saa mbili nachomoa tena. Kule nyuma ya televisheni nimepajua kuliko mbele.

Lakini hata kwa hiki cha tatu pua ya msomaji ilikuwa bado haijarudi. Nikaita fundi. Akapanda darini, akakuta kunguru wawili wamefanya antena yangu baraza lao na chumvi ya bahari imeshakula nusu ya vijiti. (Mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kunguru hawana habari.) Akafukuza, akafuta, akakaza. Akashuka. Kisha akachungulia nyuma ya televisheni, akanyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Ami, waya huu wa nini?"

Ulikuwa ule wa ncha tatu: nyekundu, nyeupe, manjano.

"Wa picha," nikasema.

"Huu wa manjano ndio unaobeba picha yote, na HD haubebi hata uusomee halbadiri. Unataka waya wa HDMI."

Miezi minane! Miezi minane nimekaa mbele ya dirisha la kioo lililopigwa chokaa, nalaumu serikali. HDMI yenyewe ilikuwa ndani ya boksi la televisheni tangu mwanzo, kwenye mfuko wake. Mama watoto alikuwa ameifungia kuku.

Tukaichomeka. Pua ikarudi, na chunusi juu yake.

Fundi yule ana ulimi, nikampa kahawa ili anieleze kwa nini kila king'amuzi kina tabia yake. Akasema tangu analojia izimwe mwaka 2015, masafa moja ya megahetsi 8 yaliyokuwa yakibeba stesheni moja sasa yanabeba furushi zima la stesheni, kwa mtindo unaoitwa DVB-T2. Lakini furushi lina mwisho. Stesheni moja ya HD inakula nafasi ya stesheni kadhaa za kawaida. Nikamwambia, "Yaani ni punda." Akasema ndiyo hasa. Ukimtwika mawe, magunia yatabaki gatini. Na kule juu kwenye setilaiti ni hivyo hivyo, ila punda huyo anakodishwa, na kodi yake si ya watu kama mimi na wewe. Basi mwenye king'amuzi anaangalia mzigo gani unamlipa, huo anaukalisha vizuri. Usiomlipa anaubana ubavuni.

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Kubebwa, stesheni yetu inabebwa, sikatai. Lakini kukalishwa mgongoni na kuburutwa ndiani si mamoja. Wakati ule wa kuhamia dijitali tuliambiwa picha itakuwa safi kwa kila mtu. Nakumbuka Februari ya 2015, stesheni kubwa nne zilizimika wiki kadhaa kwa ugomvi wa hayo hayo mawimbi na ving'amuzi, sisi tunatazama skrini nyeusi tunajipa moyo kwamba safi inakuja. Imekuja. Imekuja vipande vipande, kila kipande na rimoti yake. Enzi za analojia ukungu ulikuwa mwingi, lakini angalau ulikuwa wetu sote. Tajiri na maskini hawakumwona pua msomaji.

Basi. Tarehe 10 Agosti 2025 Kenya inacheza na Moroko Kasarani, mashindano ya mpira ya Afrika yaitwayo CHAN, na mimi nina HDMI. Nikatangaza baraza zima waje. Wakaja kumi na wawili, viatu vikajaa ukumbini mpaka kwenye ngazi. Mama watoto akatoa mahamri. Picha? Nyasi unazihesabu. Mzee wa maradhi ya echidii alikaa mbele kabisa, anasema "Subhanallah" kila mpira ukitoka nje.

Dakika ya 42. Mpira kwetu uko katikati ya uwanja, mtu anafunga kamba za kiatu. Dirishani likaingia: "Gooooli!"

Ni jirani yangu wa ng'ambo. Uchochoro wetu punda wawili wenye mizigo hawapishani, dirisha lake na langu ni mkono na mkono. Yeye ana televisheni ya zamani yenye kisogo kikubwa kama pipa, king'amuzi cha antena, na ule waya wa manjano. Watu wote kumi na wawili wakageuka kutazama dirisha. Nikahesabu, sekunde sita. Ndipo Ryan Ogam akafunga kwetu, jasho unaliona linavyoruka, na hakuna aliyepiga kelele. Goli safi la HD, limepoa kama chai ya jana. Kona ya chumba mpwa wangu aliyekuwa akitazama kwa simu, na bando lake linakwisha, alilipata nusu dakika baadaye akaruka peke yake. Tukamtazama tu.

Fundi, naye alikuwepo, akasema picha ya HD ni nzito, kuibana na kuibanua kunachukua muda, kwa hiyo mara nyingine ile nyepesi hutangulia. Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu asiyenunua kitu.

Kipindi cha pili wageni wangu wakaanza kuaga. Mmoja ana punda hajamnywesha. Mwingine anasikia mtoto wake analia, na mtoto wake yuko Matondoni. Mpaka dakika ya 60 tumebaki mimi, mzee wa echidii na sahani tupu ya mahamri, na kutoka dirisha la ng'ambo nasikia sauti zao wote, hata ya mwenye punda.

Baada ya mechi nikamwendea jirani kwa adabu. Nikamwomba, kwa haki ya ujirani, siku nyingine Kenya ikifunga ajizuie, ahesabu mpaka saba ndipo apige kelele. Ni mtu mwema, akakubali, akanipa mkono.

Mkewe hakuwepo tulipokubaliana.