Matuta ya barabarani: ulinzi kwa nani, mzigo kwa nani?

Barabara ya mtaani ikishawekwa lami, ugomvi wa matuta huwa hauko mbali. Wakazi, hasa wazazi ambao watoto wao huenda shule kwa miguu, wanataka matuta yajengwe mapema, kabla hajagongwa mtu. Wenye magari wanasema matuta yamezidi: yanavunja springi, yanatesa abiria, yanachelewesha gari la wagonjwa. Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana ugomvi huu hauishi. Upande ninaoelemea nausema mapema. Naunga mkono tuta, lakini si kila rundo la zege lililotupwa katikati ya njia. Mengi kati ya hayo yanastahili lawama yanayopewa.

Mwanzo wa yote ni mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka kati ya magari yaliyoegeshwa, dereva anahitaji kama sekunde moja ili aone, aamue na mguu ufike kwenye breki. Sekunde hiyo ikiisha, gari limeshapita mita zote hizo 14 bila mwendo kupungua hata kidogo. Dereva wa kilomita 30 kwa saa, kwa sekunde hiyohiyo, anakuwa amekwenda mita 8, na kwenye lami kavu anahitaji nyingine 5 hivi ili asimame kabisa. Kwa hiyo mtoto aliye mita 14 mbele anapona kwa dereva wa pili, na kwa dereva wa kwanza anagongwa kwa mwendo kamili, breki ndiyo kwanza inaanza kushika. Tena nguvu ya pigo haipandi sawasawa na mwendo. Inapanda kwa mraba wake, hivyo gari la kilomita 50 hubeba nguvu karibu mara tatu ya lile la 30.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilohilo linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watembea kwa miguu na waendesha baiskeli huchanganyika na magari mara kwa mara.

Kibao cha 30 peke yake hakitoshi, na hilo kila mkazi analijua. Askari akiwepo, magari hupunguza mwendo. Akiondoka, yanarudi kama yalivyokuwa. Tuta halina zamu wala halibembelezwi, na usiku wa manane lipo palepale. Utafiti uliofanywa Oakland nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 uligundua kuwa watoto walioishi karibu na tuta walikuwa na uwezekano wa takriban nusu tu wa kuumizwa au kuuawa na gari katika mtaa wao, wakilinganishwa na watoto wasiokuwa na tuta karibu. Nikiongeza kwamba tuta ni nafuu kuliko karibu kila njia nyingine ya kupunguza mwendo, naona wazi kwa nini wakazi hulidai kwanza.

Hoja za wanaolipinga nazo zina uzito. Katikati ya miaka ya 1990 kikosi cha zimamoto cha Portland, Marekani, kilipima ucheleweshaji wa magari yake na kukuta kuwa tuta moja linaweza kula kuanzia sekunde moja hadi karibu kumi, kutegemea ukubwa wa gari na umbo la tuta. Sekunde kumi zinaonekana ndogo. Lakini njia yenye matuta tisa ya namna hiyo inaweza kula dakika moja na nusu, na kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, kila dakika inayopita bila huduma hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo anayesema tuta linaweza kuua naye yuko sahihi.

Wapo pia waliomo ndani ya gari. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa wagonjwa walioshukiwa kuwa na uvimbe wa kidole tumbo. Kati ya 34 waliothibitika kuwa nao, 33 walisema maumivu yalizidi gari lilipovuka matuta wakielekea hospitali. Madaktari walitafuta dalili ya kuwasaidia kutambua ugonjwa, lakini mimi nayasoma matokeo hayo kwa jicho jingine pia: mgonjwa, mjamzito, mzee wa mgongo na abiria wa kiti cha nyuma cha basi ndio wanaoumia zaidi kwenye tuta baya, na hakuna hata mmoja wao anayeshika usukani. Kuna kelele za malori matupu yanayorukaruka usiku mbele ya madirisha ya watu. Kuna mafuta yanayopotea kwa kushika breki na kukanyaga upya. Na kuna magari yanayohamia mtaa wa jirani usio na matuta, ambako watoto nao wapo.

Ukisikiliza malalamiko haya kwa makini utaona mengi hayahusu kuwepo kwa tuta. Yanahusu umbo lake, na umbo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Tuta fupi lenye mgongo mkali lina kasoro ambayo wengi hawaijui: linamwadhibu anayekwenda polepole kuliko anayekimbia. Gari likilivuka taratibu, mwili mzima wa gari unapanda na kushuka. Likilivuka kwa kasi, magurudumu yanaruka na springi zinameza pigo kabla halijamfikia dereva vizuri. Gari linaharibika, ndiyo, lakini dereva anajifunza kwamba kukimbia hakuumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ililifanyia kazi jambo hili na kupata tuta lenye mgongo mpana wa mviringo, takriban mita 3.7 kutoka gari linapoanza kupanda hadi linapomaliza kushuka, na kimo cha sentimita 10. Kwenye tuta la namna hii usumbufu unaongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Anayelivuka kwa mwendo wa mtaani hapati taabu kubwa, na anayekimbia anajuta.

Maarifa haya yana zaidi ya miaka 50. Fundi anayemwaga zege nusu mita kwa upana na kuliacha limesimama kama ukuta hana cha kujitetea, wala msimamizi aliyeipokea kazi hiyo. Haitoshi pia kujenga tuta zuri moja na kuondoka, kwa sababu dereva atalivuka taratibu kisha akanyage mafuta kulipia muda aliopoteza. Matuta yanahitaji kufuatana kwa umbali unaomfanya dereva aone hakuna faida ya kukimbia katikati, na kwenye barabara nyingi za makazi umbali huo hauzidi sana mita 100.

Hofu ya gari la wagonjwa nayo ina jibu la kiufundi. Tuta linaweza kugawanywa vipande vyenye nafasi kati yao, vilivyopimwa ili gari pana la zimamoto au la wagonjwa lipitishe magurudumu pembeni ya kipande bila kupanda, huku gari dogo likilazimika kupanda angalau kwa upande mmoja. Kwenye njia kuu ya kuelekea hospitali sioni sababu ya kujenga aina nyingine yoyote. Mbele ya shule ningependelea kivuko kilichoinuliwa, chenye mgongo bapa na alama za pundamilia, kilicho sawa na kimo cha njia ya miguu. Hapo gari ndilo linalopanda kwenda kwa mtoto, na mwenye kiti cha magurudumu anavuka bila kushuka ukingo.

Yapo mambo mengine ambayo yanaonekana kuwa ya idara nyingine kabisa, ila yanaishia kwenye tuta. La kwanza ni taa. Tuta lisiloonekana usiku ni mtego kwa mwendesha pikipiki, na rangi nyeupe pekee hufutika kwa matairi na vumbi. La pili ni maji ya mvua. Tuta lililojengwa ukuta hadi ukuta bila kuacha njia ya maji pembeni huwa bwawa dogo, na lami ikilowa kila siku haichukui muda kuwa shimo. La tatu ni mitaro ya mabomba na nyaya. Mafundi wa maji au wa simu wakikata barabara, wakafukia bila kushindilia vizuri, udongo hutitia na kuacha mfereji, au hubaki umevimba kama tuta ambalo hakuna aliyelipanga wala kuliwekea alama. Kibali cha kuchimba barabara kinapaswa kubeba wajibu wa kuirudisha ilivyokuwa, na anayekitoa arudi kukagua.

Lipo pia tuta la wakazi wenyewe, la mawe na udongo, lililoinuliwa kwa usiku mmoja baada ya mtoto kugongwa. Siwezi kuwabeza watu hao, kwa sababu mara nyingi waliandika barua na hawakujibiwa. Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono. Tuta hilo halina kipimo wala kibao, na wa kwanza kulikuta gizani huenda ni kijana wa pikipiki ambaye hakumdhuru mtu yeyote. Lawama naigawa, lakini fungu kubwa naliweka kwa ofisi inayopokea ombi la usalama na kulilaza kwenye jalada. Mkazi astahili kujibiwa kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana, hata kama jibu ni hapana, na sababu itajwe.

Barabara kuu inayokatiza makazi ni ngumu zaidi, na hapa nakubaliana na madereva karibu kabisa. Kumkutanisha mtu aliye kwenye kilomita 80 kwa saa na tuta la ghafla ni kumtafutia ajali, hasa akiwa na lori lililojaa. Mwendo hapo lazima ushushwe kwa hatua: vibao vya kushuka kutoka 80 hadi 50, kisha yale matuta madogo mfululizo ambayo madereva wengi huyaita rasta, kisha njia kubanwa au mzunguko kujengwa pale makazi yanapoanza. Tuta au kivuko kilichoinuliwa kije mwisho, dereva akiwa ameshapunguza. Wakazi wanaodai tuta hapo bila hatua zilizotangulia wanadai kitu kinachoweza kuwageukia wao wenyewe, kwa kuwa lori lililoshindwa kusimama huishia kwenye vibanda na nyumba za kando ya barabara.

Kabla tuta halijamwagwa, mwendo wa magari upimwe kwa saa kadhaa, asubuhi watoto wanapokwenda shule na usiku barabara inapokuwa tupu, kisha upimwe tena baada ya miezi michache, kwenye barabara yenyewe na kwenye mitaa ya jirani. Magari yakiwa yamehamia huko, mpango upanuliwe. Mwendo usipopungua, au majeruhi wa pikipiki wakianza kuongezeka hapo, tuta livunjwe na lijengwe upya kwa kipimo sahihi, kwa gharama ya aliyelijenga vibaya.