Daraja la Tsavo: Simba Wawili na Vifo 2,493

Litaje daraja la mto Tsavo nchini Kenya, kwenye reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, na mazungumzo yatahamia kwa simba kabla hujamaliza sentensi. Mhandisi Mwingereza, John Henry Patterson, alifika Machi 1898 kulijenga. Simba wawili wakawa wanawatoa vibarua mahemani usiku. Wa pili akauawa tarehe 29 Desemba, na daraja likakamilika Februari 1899.

Wanaoitetea simulizi hii wana hoja. Hofu ile haikutungwa. Ilisimamisha ujenzi kwa takriban wiki tatu. Tena bila simba, nguzo chache za mawe katikati ya nyika zisingekumbukwa na mtu.

Kinachonisumbua ni jinsi vibarua wanavyosimuliwa kama kundi la waoga. Tarehe 1 Desemba walimwendea Patterson wakamwambia walitoka India kuitumikia serikali, si kuwa chakula cha simba. Kisha wengi wakajilaza relini, treni iliyokuwa ikipita ikasimama, wakaipanda kurudi pwani. Huo mimi nauita mgomo. Walikuwa wakilala ndani ya turubai na boma la miiba ambalo simba walikwisha kulipenya mara nyingi, na bunduki ilikuwa kwa bwana mkubwa. Ugomvi wa kazi haukuanzia hapo pia: kuli alilipwa rupia 12 kwa mwezi na mwashi 45, na Patterson alipoamua kulipa kwa kipimo cha kazi, akiamini wengi walijifanya waashi, baadhi yao walipanga kumuua. Kambi ile ilikuwa na mengi ya kusimulia mbali na wanyama.

Halafu kuna hesabu. Patterson kwanza aliandika kwamba Wahindi 28 waliliwa. Baadaye akapandisha idadi hadi 135. Mwaka 2009 watafiti waliopima kemikali katika mifupa na nywele za simba hao walikadiria watu 35. Tumebishana juu ya 28, 35 na 135, ilhali takwimu za reli yenyewe ziko wazi: kati ya Wahindi karibu 32,000 walioletwa kwa mkataba, 2,493 walikufa na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Chukua 28 ya Patterson: kwa kila kuli mmoja aliyeliwa Tsavo, wengine 88 walikufa kwa malaria, kuhara damu, vidonda na ajali za kazi. Ni watu wanne kwa kila maili, Mombasa hadi Ziwa Victoria.

Mtu atasema silinganishi kwa haki: 2,493 ni wa njia nzima kwa miaka kadhaa, na 28 ni wa eneo moja kwa miezi tisa. Ni kweli, na kwa aliyelala Tsavo mwaka 1898 simba alitisha kuliko mbu. Lakini simba angalau aliwindwa usiku na mchana mpaka akapatikana. Ngozi za wale wawili ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago katika miaka ya 1920 kwa dola 5,000, na mpaka leo wamesimama kwenye kioo.

Na hizo hesabu mbili, 28 na 2,493, zote ni za Wahindi peke yao. Waafrika waliokufa kwenye reli hiyo hawamo hata katika moja.