Mnara wa Chase uliibakiza benki, mtaa ulihuishwa na wapangaji

Wapenzi wa majengo ya New York hupenda kusimulia kwamba David Rockefeller, kiongozi wa benki ya Chase Manhattan, aliiokoa Manhattan ya kusini kwa jengo moja. Nusu yake ni kweli.

Miaka ya 1950 makampuni yalikuwa yakihamia Midtown, katikati ya Manhattan, na Wall Street, mtaa wa mabenki ulioko kusini, ikaanza kuchakaa. Mwaka 1955 Chase Manhattan wakaamua kubaki. Kazi ya kuchora makao mapya ilipewa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill, msanifu akiwa Gordon Bunshaft, na mwaka 1961 ukafunguliwa mnara wa ghorofa 60, wa alumini na vioo.

Uzuri wake hasa uko chini. Mnara umekalia sehemu ndogo tu ya kiwanja. Kilichobaki ni uwanja wa wazi, kitu adimu katika mitaa ile iliyobanana. Ukiinama kwenye ukingo wa duara uliopo pale, unaiona chini bustani ya mchongaji Isamu Noguchi: mawe yaliyotolewa mto Uji, Japani, juu ya sakafu yenye mawimbi, na maji yakifunguliwa mawe hayo yanageuka visiwa. Karibu yake imesimama miti minne ya sanamu, kazi ya msanii Jean Dubuffet ya mwaka 1972, myeupe, yenye mistari myeusi. Mimi inanichekesha, na mtaa ule wa wahasibu ulihitaji kichekesho.

Lakini jioni ilipofika, kila mtu alikimbilia treni. Dawa ya Rockefeller na wenzake ilikuwa kuongeza ofisi, na mpango wao ndio uliozaa World Trade Center. Mtaa wa ofisi peke yake hufa kila siku saa kumi na mbili, hata ungeujengea minara kumi.

Kilichobadilisha hali ni vitanda. Kuanzia mwaka 1995 jiji liliwapa unafuu wa kodi wenye majengo waliogeuza ofisi kuukuu kuwa nyumba za kuishi. Leo hata One Wall Street, yaliyokuwa makao ya benki ya Irving Trust, ni makazi, na chini kuna supamaketi.

Chase wenyewe? Walipoungana na Chemical Bank mwaka 1996, makao makuu yakawa Park Avenue, kulekule Midtown. Mnara ukauzwa mwaka 2013 kwa kampuni ya Fosun ya China, dola milioni 725.

Sisemi nao ugeuzwe nyumba. Ghorofa zake ni pana mno, katikati ni mbali na dirisha. Ubaki ofisi, ila uwanja wake upewe viti vya kutosha na wauza chakula, maana sasa wapo majirani wa kuukalia hata Jumapili.