FM haijamaliza kazi ya masafa mafupi

Machi 2015 Deutsche Welle, redio ya kimataifa ya Ujerumani, ilifunga kituo chake cha Kigali cha kurushia matangazo ya masafa mafupi, kilichokuwa kazini tangu 1965. Tangu hapo wengi wanaona masafa mafupi yamekwisha, FM imeyarithi. Mimi nakubali nusu tu.

Chukua 300, igawanye kwa megahezi za kituo, utapata urefu wa wimbi lake kwa mita. Megahezi 100 za FM ni mita 3. Megahezi 6.1 za masafa mafupi ni kama mita 49, ile "mita bendi 49" tuliyozoea kuisikia kwa watangazaji. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ubishi wote. Wimbi la mita 3 hupenya ayonosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, na kupotelea angani. Huku chini husafiri karibu moja kwa moja, na mlima ukilikinga, aliye nyuma yake hasikii kitu. Lile la mita 49 hupindwa na ayonosfia likarudi ardhini mamia ya kilomita mbali, hasa usiku. Mchana sehemu ya chini ya ayonosfia hulinyonya, ndiyo maana vituo huhamia mita 25 au 19.

FM ina sifa zake, na si ndogo. Sauti ni safi, haipandi na kushuka. Antena ya robo wimbi ni sentimita 75 tu, hata waya wa spika za masikioni unatosha kwenye simu. Mitambo ya Kigali ilikuwa ya kilowati 250. Mji mzima unaweza kuhudumiwa na FM ya kilowati chache. Na nani leo ananunua redio ya masafa mafupi? Wachache mno.

Lakini FM inahitaji mnara ndani ya nchi, na mnara unahitaji kibali. Mei 2018 Burundi ilisimamisha matangazo ya BBC na VOA (Sauti ya Amerika). Kuzima mnara ulio mjini kwako ni amri tu; kuzuia wimbi linaloshuka kutoka angani kunataka mitambo ya kulivuruga, nayo ina gharama.

Kwa Nairobi au Dar es Salaam sioni haja ya kurudi nyuma. Kwa vilima vya Kivu na Burundi, ningebakiza saa mbili za jioni kwenye mita 49, mchana nikawaachia FM.